Trekta Haifi kwa Uzee: Historia ya Ambreyaje, kutoka Kongwa mpaka Ruashi

RUASHI, Lubumbashi – Mwezi wa kumi unapokaribia kuisha, udongo wa Katanga ungali mgumu kama tofali na macho ya wenye mashamba yako juu. Mvua ya kwanza ikinyesha, siku zinaanza kuhesabiwa. Mahindi yaliyopandwa mwezi wa kumi na moja hupata masika yote. Yaliyochelewa mpaka mwezi wa kwanza huanza kubeba wakati mvua inakaribia kukatika. Wakaaji wa Ruashi wanaolima nje ya mji hawana nafasi ya kungoja. Mwenye jembe anaamka mapema. Mwenye pesa kidogo anatafuta trekta ya kukodi.

Na kila mwaka kuna watu wanaopewa jibu lile lile: trekta iko, lakini ambreyaje imekwisha.

Neno ambreyaje limetoka katika Kifaransa. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanasema klachi. Kitu ni kimoja, na ni kidogo kuliko sahani kubwa ya kulia bukari. Lakini kikikwisha katika wiki ya kulima, familia inaweza kupoteza mwaka mzima wa chakula. Kwa familia zilizokimbia vita kutoka Mitwaba, Pweto, Manono au Kivu, na ambazo zinalima shamba la kukodi kwa sababu la kwao limebaki nyuma, mwaka mmoja ni mwingi sana.

Ukifuata historia ya matrekta katika sehemu hii ya Afrika, unakuta kwamba machache sana yalikufa kwa uzee. Mengi yalisimama kwa kukosa piesi ndogo, kwa kukosa fundi, au kwa sababu ya mguu wa shofere ambaye hakufundishwa. Habari ya ambreyaje inaonyesha mambo hayo matatu vizuri kuliko habari ya piesi nyingine yoyote.

Kazi ya ambreyaje

Mota ikiwaka, inazunguka bila kusimama. Magurudumu yanatakiwa kusimama, kuanza polepole, kubadilisha vitesi. Lazima pawe na kitu katikati kinachoweza kushika na kuachia.

Nyuma ya mota kuna gurudumu zito la chuma linaloitwa volani. Mbele ya volani hiyo inakaa disiki nyembamba, iliyovikwa pande zote mbili garnitiri, yaani kitu kigumu cha msuguano kama kile cha breki. Nyuma ya disiki kuna plato yenye resori kali. Resori hizo zinabana disiki juu ya volani, na hapo nguvu ya mota inapita kwenda kwenye buati ya vitesi mpaka magurudumuni. Shofere akikanyaga pedali, uma wa chuma unasukuma rulma ya kuachia, rulma inasukuma vidole vya plato, resori zinalegea, disiki inakuwa huru. Akiondoa mguu, disiki inabanwa tena.

Kila mara trekta inapoondoka, disiki inateleza kidogo kabla ya kushika. Mtelezo huo ndio unaofanya trekta isiruke kama mbuzi. Lakini kila mtelezo unakula garnitiri, kidogo kidogo, kama barabara inavyokula soli ya kiatu. Maana yake ni kwamba waliotengeneza trekta walijua tangu mwanzo kwamba disiki itakwisha. Waliitengeneza wakiwa na uhakika kwamba nyuma ya trekta kuna duka, na ndani ya duka kuna disiki nyingine. Mahali pasipo na duka hilo, aliyenunua trekta amenunua nusu yake tu.

Mji uliojengwa kwa mahindi ya jirani

Lubumbashi ilizaliwa mwaka 1910, wakati ikiitwa Élisabethville, na mwaka huo huo reli kutoka Rhodesia ilifika. Reli ilileta mashine za mgodi na kupeleka shaba. Ilileta pia unga. Wafanyakazi wa Union Minière walikuwa wengi, mashamba ya karibu yalikuwa machache, na kwa miaka mingi mahindi ya kulisha kambi yalitoka ng'ambo ya mpaka wa kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Wakoloni waliona hatari ya kutegemea jirani. Walijaribu kuleta walimaji Wabelgiji kuja kukaa Katanga, na tangu mwaka 1917 wakaanzisha kilimo cha lazima katika vijiji vya Kongo. Mpango wa walimaji wa Ulaya haukukua kama walivyotaka, na kilimo cha lazima kilikuwa mzigo kwa wanakijiji waliopimiwa mashamba na kutozwa faini au kufungwa wasipolima. Swali la nani atalima chakula cha mji wa migodi lilibaki bila jibu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wengi duniani waliamini kwamba jibu limepatikana, na jina lake ni trekta.

Trekta ndogo ya kijivu

Mtu aliyefanya trekta iwe kitu cha mlimaji mdogo alikuwa Harry Ferguson, mtoto wa shamba kutoka Ireland aliyezaliwa mwaka 1884. Wakati wa ujana wake trekta zilikuwa nzito na ghali, na zilivuta jembe kwa nyuma kama ng'ombe anavyovuta mkokoteni. Ferguson alifunga jembe kwenye trekta yenyewe kwa mikono mitatu ya chuma na kuliinua kwa nguvu ya oili. Jembe na trekta vikawa mwili mmoja. Uzito wa udongo ulisaidia kukandamiza magurudumu, kwa hiyo trekta ndogo iliweza kufanya kazi ya trekta kubwa. Mfumo huo wa mikono mitatu ndio uliopo kwenye karibu kila trekta leo, kubwa au ndogo.

Mwaka 1946 trekta yake ya TE20 ilianza kutoka katika kiwanda cha Coventry, Uingereza. Ilipakwa rangi ya kijivu. Mpaka mwaka 1956 zilitengenezwa zaidi ya 500,000. Zilikuwa imara kiasi kwamba mwezi wa kwanza 1958 Edmund Hillary, yule aliyepanda mlima Everest, alifika Ncha ya Kusini ya dunia na trekta tatu za aina hiyo. Baada ya TE20 ikaja Ferguson 35 mwaka 1956. Kampuni ilikuwa imeungana na Massey-Harris ya Kanada mwaka 1953, na ndipo likatoka jina la Massey Ferguson. Mwaka 1964 ilizaliwa Massey Ferguson 135, trekta nyekundu ambayo wazee wengi wa Afrika ya mashariki na ya kati wanaijua kwa sura hata kama hawaijui kwa namba.

TE20 haina fremu ya chini kama ya gari. Mota, buati ya vitesi na ekseli ya nyuma vimefungwa kwa bolti, kimoja nyuma ya kingine, na hivyo ndivyo mwili wa trekta ulivyo. Ambreyaje yake ya inchi 9 imejificha katikati, pale mota inapokutana na buati. Kwa hiyo hakuna njia ya kuibadilisha bila kuikata trekta vipande viwili. Kwa fundi mwenye vyombo, ni kazi ya siku moja au mbili. Kwa asiye na vyombo ni kazi ya hatari, na ndiyo sababu trekta nyingi ziliachwa chini ya mwembe na ugonjwa ambao si mkubwa.

Katika baadhi ya Ferguson 35 na 135, ambreyaje ni ya hatua mbili. Pedali ikikanyagwa nusu, magurudumu yanasimama, lakini shafti ya nyuma inaendelea kuzungusha mashine iliyofungwa hapo, kama vile kinu. Ikikanyagwa mpaka chini, vyote vinasimama. Ni msaada mkubwa kwa mlimaji, lakini ndani kuna disiki mbili badala ya moja, na marekebisho yake yanataka fundi anayejua anachofanya.

Somo la Kongwa

Wakati TE20 inaanza kuuzwa, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Serikali yake iliamua kulima karanga katika Tanganyika kwa mashine. Mpango ulitaja ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, katika nchi ya Wagogo, karibu na Dodoma.

Mashine mpya zilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo zilinunuliwa trekta na buldoza zilizotumika, mabaki ya jeshi, hata kutoka Ufilipino. Baadaye vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa trekta. Zilifika bandari ya Dar es Salaam, zikasafirishwa kwa reli na barabara mbovu, zikapewa madereva waliofundishwa kwa haraka. Udongo wa Kongwa, kipwa kikifika, unakuwa mgumu kama saruji, na mizizi ya miti ilivunja majembe. Kabla mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya trekta zilikuwa zimesimama, na karakana hazikuwa na piesi wala mafundi wa kutosha. Mwaka wa kwanza walitaka ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mwezi wa kwanza 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30.

Watu wengi husema kwamba Kongwa ilishindwa kwa ukame, na ni kweli mvua haikusaidia. Lakini trekta zilishindwa hata kabla ya karanga kushindwa. Walihesabu mashine za kununua na hawakuhesabu piesi za kubadilisha. Kosa hilo halikuzikwa Kongwa. Limerudi mara nyingi, likiwa limevaa nguo mpya.

Mwaka 1973: duka linafungwa

Kwa upande wa Kongo, pigo lilikuja kwa njia nyingine. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Rais Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka, mashamba makubwa na biashara za wageni ziliondolewa mikononi mwa wenyewe, Wagiriki, Wareno, Wabelgiji, Wahindi na wengine, zikapewa Wazaire, wengi wao wakiwa watu wa karibu na utawala.

Wakaaji wengi walifurahi kwanza, na walikuwa na sababu: biashara ya nchi ilikuwa mikononi mwa wageni tangu ukoloni. Lakini waliopewa maduka wengi waliuza kilichokuwemo na hawakuagiza kingine. Duka la piesi halifanani na duka la chumvi. Linaishi kwa madeni ya kiwanda cha ng'ambo, kwa vitabu vya namba za piesi, kwa mtu anayejua kwamba disiki hii si ya trekta ile. Mambo hayo hayawezi kupokelewa kwa barua ya serikali.

Baada ya hapo bei ya shaba ilianguka, na mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia iliyopeleka shaba ya Katanga baharini. Pesa za kigeni zikakauka. Mwenye trekta aliweza kuwa na zaire mfukoni na asipate disiki, kwa sababu disiki ililipwa kwa pesa ya ng'ambo.

Hapo ndipo mafundi walipojifunza kuishi bila duka. Disiki iliyokwisha garnitiri haikutupwa. Fundi alitoboa misumari laini iliyoshika garnitiri ya zamani, akaitoa, akakata garnitiri nyingine, wakati mwingine ya breki ya lori, akaipigilia kwa misumari mipya ya shaba. Shaba ilikuwa ya Katanga, ikaenda mbali, ikarudi kama msumari mdogo wa kushikilia disiki. Kazi hiyo ilisaidia, lakini haikuwa sawa na disiki ya kiwanda. Garnitiri ya breki ina unene wake na ugumu wake. Trekta ilishtuka ikiondoka, au ilishika msimu mmoja tu. Watu waliita maisha ya namna hiyo Article 15: jitafutie mwenyewe.

Kutoka karakana ya kampuni mpaka uani

Katanga ilikuwa na bahati moja ambayo Kongwa haikuwa nayo, yaani mafundi. Union Minière, ambayo serikali iliichukua mwaka 1967 na ambayo baadaye ikawa Gécamines, ilikuwa na karakana kubwa, kama zile za Panda kule Likasi. Shirika la reli lilikuwa na zake hapa Lubumbashi. Vijana walifundishwa kupima, kuchonga chuma, kusoma mchoro, kukaza bolti kwa nguvu inayotakiwa na si kwa hasira.

Halafu kampuni ikaanguka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 uporaji ulipita mijini. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, ambao katikati ya miaka ya 1980 ulizidi tani 400,000 kwa mwaka, ulishuka mpaka chini ya 30,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na wengi kati yao wangali wanasema kwamba hiari hiyo haikuwa ya kweli, maana walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara.

Ujuzi waliokuwa nao walitoka nao. Wengine walishika jembe, wengine walifungua garaji uani, chini ya mti, wakiwa na ufunguo uliochakaa na kijana mmoja wa kufundisha. Kwa njia hiyo kazi ambayo zamani ilifanywa ndani ya karakana yenye winchi ikafika mitaani, Ruashi, Katuba, Kenya na kwingine. Trekta ya zamani inayotembea leo Haut-Katanga inatembea kwa ujuzi huo. Shida ni kwamba wazee hao wanaondoka mmoja mmoja, na kijana anaona faida ya haraka zaidi katika pikipiki.

Hekta 500 za migodi

Gavana Moïse Katumbi alipoingia mwaka 2007, mji ulikuwa bado unakula unga wa Zambia. Serikali ya jimbo ikayaambia makampuni ya migodi kwamba kila moja ilime hekta 500 za mahindi. Matrekta mapya yakaonekana mashambani. Baadhi ya makampuni yalilima kwa bidii, mengine yalilima kwa ajili ya picha. Utegemezi haukuisha. Ukame mkubwa ulipoipiga Zambia mwaka 2024 na serikali yake kutangaza janga la taifa, akina mama wa Lubumbashi waliosimama mbele ya mfuko wa unga walikumbushwa kwamba chungu chao kinategemea mvua ya nchi nyingine.

Swali la mwaka 2008 ni lile lile la 1947. Trekta zimekuja, je, disiki zitatoka wapi mwaka wa tano?

Safari hii jibu lipo, na linatokana na historia ya trekta ile ya kijivu. Kampuni ya Massey Ferguson iliruhusu nchi nyingine kutengeneza trekta zake: Yugoslavia tangu miaka ya 1950, India na Pakistan tangu miaka ya 1960. Viwanda vya Uingereza viliacha 35 na 135 zamani, lakini India na Pakistan waliendelea kutengeneza trekta za ukoo huo, na piesi zake bado zinauzwa. Ndiyo sababu disiki ya trekta iliyozaliwa miaka 60 iliyopita inaweza kupatikana Dar es Salaam au Lusaka, ikapanda lori, ikapita Kasumbalesa, ikafika Lubumbashi. Trekta nyingine mpya kabisa, ya chapa ambayo hakuna mwingine anayo hapa, inaweza kukosa disiki katika mwaka wake wa tatu. Uzee wa mashine unasema kidogo. Ukubwa wa ukoo wake unasema mengi.

Kuipasua trekta bila kuumiza mtu

Dalili za ambreyaje inayokwisha zinajulikana. Mota inapiga kelele, mbio zake zinapanda, lakini trekta haisukumi jembe: disiki inateleza. Harufu ya kuungua inafuata. Kinyume chake, kama vitesi vinalia vikiingia hata pedali ikiwa chini kabisa, disiki haiachii.

Kabla ya kupasua, fundi mzuri anapima mchezo wa pedali, yaani nafasi ambayo pedali inatembea bure kabla ya kuanza kusukuma rulma. Katika Ferguson ndogo ni kama sentimita 2. Ikiwa hakuna mchezo, rulma inasukuma vidole wakati wote na disiki haibanwi vizuri. Wakati mwingine ugonjwa wote unapona hapo kwa kurekebisha fimbo ya pedali, bila kununua kitu.

Ikiwa lazima kupasua, kazi inafanyika juu ya sakafu ngumu na iliyonyooka. Udongo wa uani unazama. Magurudumu ya nyuma yanazuiwa kwa mawe au mbao. Nyaya za betri zinatolewa, na bomba la mazuti au esanse linafungwa. Ekseli ya mbele ya trekta hizi inacheza juu ya pini moja katikati, kwa hiyo mota ikitenganishwa inaweza kulala upande na kumponda mtu. Ni lazima kabari za mbao zipigwe kati ya ekseli na mwili pande zote mbili, na kila nusu ya trekta ibebwe na stendi yake. Jeki peke yake haitoshi. Hapo ndipo mafundi wanapoumia.

Ndani, jambo la kwanza ni vumbi. Garnitiri za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaingia mapafuni na kuleta ugonjwa baada ya miaka mingi. Halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa. Linafutwa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kinafungwa ndani ya mfuko kabla ya kutupwa. Watoto hawakai karibu.

Kisha kila kitu kinatazamwa, maana hakuna anayependa kupasua trekta mara mbili. Kama disiki ina oili, kubadilisha disiki peke yake ni kutupa pesa. Oili inatoka kwenye sili ya mota au ya buati, na sili hiyo inabadilishwa siku hiyo hiyo. Uso wa volani ukiwa na mifereji au nyufa, unapelekwa kwa mwenye mashine ya kuchonga. Rulma inayolia ikizungushwa kwa mkono inatolewa, hata kama bado inazunguka. Upande wa disiki unaotazama volani unawekewa alama kabla ya kuitoa, kwa sababu disiki iliyogeuzwa haifanyi kazi. Na anayekwenda kununua anabeba disiki ya zamani mkononi: upana, idadi ya meno ya katikati, na kama ni ya hatua moja au mbili. Picha ya simu haihesabu meno vizuri.

Wakati wa kurudisha, disiki lazima ikae katikati sawasawa, la sivyo shafti ya buati haitaingia. Wenye shafti ya zamani wanaitumia kama kipimo. Asiye nayo anachonga mti wa saizi hiyo. Bolti za plato zinakazwa kidogo kidogo, kwa kuvuka upande hadi upande, na vidole vya plato vinapimwa viwe na urefu mmoja. Nusu mbili zikikataa kukutana, hazivutwi kwa nguvu ya bolti. Volani inazungushwa kidogo mpaka meno yapatane.

Mguu wa shofere

Disiki mpya inaweza kukaa miaka mingi au kuisha katika msimu mmoja. Tofauti iko kwenye mguu. Shofere anayepumzisha mguu juu ya pedali wakati wa kulima anaila disiki bila kujua, pamoja na rulma. Anayeondoka na jembe likiwa limezama udongoni, kwa kitesi kikubwa na mota ikilia, anaiunguza. Anayeshikilia trekta mlimani kwa ambreyaje badala ya breki anafanya vile vile. Mwenye trekta ambaye anamlipa shofere kwa haraka ya hekta tu, bila kumfundisha, atamlipa fundi baadaye.

Na kuna ugonjwa wa trekta isiyofanya kazi. Ikikaa miezi mingi mahali penye unyevu, disiki inashikana na volani kwa kutu. Siku ya mvua ya kwanza pedali inashuka lakini trekta haiachii. Dawa yake ni rahisi: msimu ukiisha, trekta inalazwa chini ya paa, pedali inakanyagwa na kuzuiwa chini kwa kipande cha mti, na disiki inakaa mbali na volani mpaka siku ya kazi.

Vikundi vya walimaji, pamoja na vile vya familia zilizohama, mara nyingine hupewa trekta ya msaada au huchangishana kununua moja ya zamani. Kongwa na 1973 zinawapa maswali manne ya kuuliza kabla ya kusaini. Disiki ya trekta hii inauzwa wapi, na kwa bei gani? Ni nani, kwa jina, atakayeipasua? Ni kijana gani atasimama karibu naye ajifunze? Na disiki ya pili, ya akiba, itanunuliwa lini? Kama kikundi hakina jibu la swali la kwanza, ni afadhali kuchagua trekta nyingine, hata ikiwa ni ya zamani zaidi na rangi yake imechubuka.

Wakati mzuri wa kuuliza ni kipwa, mwezi wa sita au wa saba, wakati barabara ni kavu, lori zinapita na fundi hana haraka. Mwezi wa kumi na moja, kila mtu anamtafuta fundi yule yule.